Ukibonyeza batani ya sarafu joystiki inakufa

"Kaka, imekata tena."

Hiyo sauti ya mdogo wangu nimeisikia karibu wiki mbili mfululizo mpaka nikaanza kuiota. Kabati la gemu, yaani mashine ya gemu kama zile za zamani za kutumbukiza sarafu ila hii nimejitengenezea mwenyewe, limeisha, plaiwudi imepigwa msasa ikapigwa na rangi, kioo kimekaa sawa, stika za ubavuni zimenyooka (ok, moja ina lengelenge la hewa ila ukisimama mbali kidogo hulioni), gemu zinafunguka, taa zinawaka, kila kitu poa kabisa. Alafu unabonyeza batani ya sarafu, taa zote zinapiga nyeupe mara moja kwa mbwembwe kama nilivyozipanga mwenyewe, na hapo hapo joystiki ya mchezaji wa kwanza inakufa. Inakaa kimya sekunde mbili tatu, inarudi. Siku nyingine hairudi mpaka uchomoe USB uchomeke tena.

Sasa watu wengi wanaotengeneza haya makabati wanatuonyesha picha za mbele tu. Mbao, rangi, batani zinavyong'aa. Mlango wa nyuma hafungui mtu, na mi nawaelewa manake wa kwangu nilipoufungua mara ya kwanza baada ya kumaliza ulikuwa kama sahani ya tambi imeangushwa chini. Ila ukweli ni kwamba mbao zilinichukua wikendi mbili, nyaya ndo zilininyima usingizi, so leo naongelea nyaya tu.

Vilivyomo ndani ni hivi. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, ndo ubongo. Enkoda mbili za USB, moja kwa kila mchezaji, ambazo kazi yake ni kuiambia Pi kwamba fulani kabonyeza hiki. Joystiki mbili, batani sita sita za kuchezea, na kila mmoja ana batani ya kuanza na ya sarafu. Kwa nini sita? Kwa sababu ya Street Fighter II, gemu ya mapigano ya 1991, ngumi tatu mateke matatu, bila hivyo huchezi kitu. Hata mashine za kweli za zamani ziliteseka na hii habari, manake kiwango cha JAMMA, yaani utaratibu wa pamoja wa kuunganisha nyaya za mashine za gemu, kilichotoka Japani mwaka 1985 kilikuwa na kiunganishi kimoja cha pini 56 chenye umeme, picha, sauti na joystiki zote humo humo, safi sana, unabadilisha gemu kwa kuchomoa bodi moja na kuchomeka nyingine, ila kwa kila mchezaji walitenga batani tatu tu. Ilipokuja gemu ya batani sita ikabidi zile za mateke zipitishiwe kiunganishi kingine pembeni. Kwa hiyo ukiona nyaya zako hazitoshi usijione mjinga, hata wao ziliwapungukia.

Batani yenyewe ni kitu rahisi mno. Chini yake kuna swichi ndogo yenye miguu mitatu, mmoja umeandikwa COM, mwingine NO, mwingine NC. COM unapeleka graundi (upande hasi wa umeme), NO unapeleka kwenye tobo lako la enkoda. Ndani ya enkoda ile laini inakaa juu muda wote, ukibonyeza unaivuta chini mpaka graundi, enkoda inaona imeshuka inasema "kabonyeza". Basi, hakuna uchawi mwingine. NC ni kinyume chake, yenyewe imeshikana muda wote alafu ukibonyeza ndo inaachia.

Mi nikachomeka batani mbili kwenye NC. Saa sita usiku, tochi mdomoni, herufi zenyewe ni ndogo kama mayai ya chawa. Asubuhi nawasha, mtu wangu kwenye gemu anaruka ruka peke yake bila kuchoka, nikibonyeza anatulia. Nilicheka lakini pia nilipoteza saa nzima nikilaumu programu, nikafuta mipangilio yote, nikaanza upya, na bado anaruka. Ukiona hiyo tabia, ya batani inayofanya kazi kinyume, usiguse programu hata kidogo. Geuza waya.

Joystiki nayo ina kituko chake. Ukiipindua kuiangalia kwa chini unaona swichi nne, juu, chini, kushoto, kulia, unasema haya, hii ya juu ndo "juu". Hapana! Ule mti umeshikwa katikati, kwa hiyo ukisukuma kichwa kwenda juu, mkia wake wa chini unaenda chini, na swichi inayobonyezwa ni ile iliyo upande wa chini. Kila mwelekeo uko upande wa pili. Alafu kumbuka pia unafanya kazi paneli ikiwa imepinduliwa, kwa hiyo na kushoto na kulia kwenyewe kumehama. Nilijaribu kupiga hesabu kichwani nikaona nitaumwa. Nilichofanya nikasukuma mti kwa kidole nikasikiliza swichi ipi imelia "tik", nikabandika tepu ya karatasi juu yake nikaandika kwa kalamu JUU. Tik nyingine, CHINI. Dakika moja imeisha.

Tuje kwenye graundi, na hapa nitakaa kidogo.

Kila swichi inataka graundi. Mchezaji mmoja ana swichi nne za joystiki, sita za kuchezea, kuanza na sarafu, jumla kumi na mbili. Hutaki nyaya kumi na mbili zote zirudi kwenye enkoda, kwa hiyo unapitisha waya mmoja unaoruka kutoka COM ya kwanza kwenda ya pili kwenda ya tatu hadi mwisho, kama shanga kwenye uzi. Tatizo la shanga kila mtu analijua. Uzi ukikatika mahali pamoja, zote zilizo mbele ya hapo zinaanguka. Mi siku moja batani za kwanza tatu zinafanya kazi, tano zilizobaki kimya. Nikabadilisha swichi moja. Nikabadilisha na ya pili. Baadaye ndo nikavuta vile vichwa vya chuma vya mwisho wa waya, vinavyochomekwa kwenye miguu ya swichi, kimoja kimoja, cha nne kikatoka mkononi na waya wake hata sijatumia nguvu, nilikibana na koleo la kawaida badala ya koleo lenyewe la kubania.

Dawa nilizofanya ni mbili. Ya kwanza, kila kichwa nikishakibana nakivuta kwa nguvu kabla hakijaenda popote, kikitoka bora kitoke mezani. Ya pili ndo tamu: ule mwisho wa uzi, badala ya kuuacha unaning'inia kwenye batani ya mwisho, nimeurudisha kwenye graundi ya enkoda. Imekuwa duara. Sasa ikikatika sehemu moja, zote bado zinapata graundi kwa njia ya upande wa pili. Ni waya mmoja wa ziada tu na sijui kwa nini sikufanya hivyo toka siku ya kwanza. Na kabla hujanunua hivyo vichwa pima miguu ya swichi zako, manake kuna za milimita 4.8 na kuna nyembamba za milimita 2.8 ambazo batani nyingi za Kijapani zinatumia, kichwa kikubwa kwenye mguu mdogo kitaonekana kimekaa, kitacheza cheza, na utakuja kulia baadaye.

Haya, taa.

Batani zenye taa zina miguu ya ziada miwili kwa ajili ya LED, na tofauti na swichi, hii inajali upande. Swichi ukigeuza nyaya haina habari. LED ukigeuza haiwaki. Alafu angalia volti, kuna za 5 na kuna za 12 na kwa macho zinafanana kama mapacha. Ile ya volti 12 ukiipa 5 inawaka kinyonge au haiwaki kabisa, hiyo haina madhara. Ya volti 5 ukiipa 12 inawaka vizuri sana, vizuri kupita kiasi, alafu unasikia harufu. Niliua moja ya bluu hivyo hivyo.

Na kama unatumia LED tupu isiyo na rezista (kile kidude cha kupunguza umeme unaopita) ndani, piga hesabu, usiotee. LED nyekundu inakula karibu volti 2, umeme wako ni 5, zinabaki 3, unataka ipite miliampea 20, 3 gawa kwa 0.02 unapata omu 150. Ya bluu au nyeupe inakula karibu volti 3, kwa hiyo omu 100. Ukizidisha rezista kidogo taa inafifia kidogo tu na inaishi zaidi, mi naweka 220 kote na sijaona wa kulalamika.

Sasa ule ugonjwa wenyewe. Juu ya kabati, nyuma ya lile bango lenye jina, nimeweka utepe wa taa za WS2812B, mita moja yenye taa 60. Hizi ndo zile ambazo kila taa unaiamuru rangi yake peke yake. Zinatumia volti 5, na Pi ina pini za volti 5 ziko pale zinanitazama, nikasema si ndo hizo hizo, nikachomeka. Taa zikawaka nyekundu, bluu, zikatembea, mdogo wangu akapiga makofi. Nikajiona fundi.

Wiki mbili "kaka imekata tena".

Nilibadilisha enkoda. Nilibadilisha kebo ya USB. Nikahamisha enkoda tundu hili na lile. Nikafungua joystiki nikaisafisha, ilikuwa mpya! Na muda wote huo kwenye kona ya juu ya kioo kulikuwa na kialama cha radi ya njano kinakuja na kutoweka, na mimi, naapa, nilidhani ni pambo la ile thimu ya menyu. Nilikiona kizuri kabisa. Mpaka siku moja nimekaa nimechoka nabonyeza sarafu tu bila kucheza, nabonyeza, nyeupe, radi, joystiki kimya, nabonyeza, nyeupe, radi, kimya, ndo kichwa kikafunguka. Ile radi ni Pi inalia njaa. Inatokea volti zikishuka chini ya 4.63.

Nikachukua karatasi. Kila taa kwenye ule utepe ndani yake ina taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja inakula hadi miliampea 20. Ukiwasha nyekundu peke yake kwa taa zote 60 ni ampea 1.2. Pi na enkoda zake weka kama ampea moja. Jumla 2.2, na adapta yangu inatoa 3. Hakuna shida, ndo maana rangi zilikuwa zinatembea vizuri siku nzima. Ila nyeupe ni zote tatu kwa pamoja, miliampea 60 kila taa, mara 60, ampea 3.6 za taa peke yake, ongeza na ya Pi ni 4.6 kutoka kwenye adapta ya 3. Umeme unaanguka, USB zinayumba, enkoda inazimika na kuwaka upya, na mchezaji wa kwanza anapigwa akiwa amesimama. Kumbe batani ya sarafu haina kosa, joystiki haina kosa, kosa ni la ile nyeupe ya mbwembwe niliyoiomba mwenyewe.

Dalili nyingine nilikuwa nimeiona nikaidharau: zikiwa nyeupe, taa za mwanzo wa utepe ni nyeupe kweli lakini za mwisho zina unjano njano, karibu na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni volti inapotea njiani ndani ya utepe. Bluu na kijani zinahitaji volti nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo zenyewe ndo zinaanza kuzimia, nyekundu inabaki inajitutumua.

Basi nikawapa taa chungu chao. Pawa saplai ya volti 5 ampea 10 kwa ajili ya taa tu, Pi ikabaki na adapta yake peke yake. Kutoka kwenye saplai waya mnene wa milimita mraba 1, fyuzi ya ampea 5 mwanzoni kabisa, na umeme nauingiza pande zote mbili za utepe, mwanzo na mwisho, ule unjano ukaisha. Fyuzi usiruke tafadhali. Saplai ya ampea 10 ikipigwa shoti na kawaya kembamba kale ka batani, haitazima kwa heshima, itakageuza kawaya kuwa hita, ndani ya sanduku la mbao.

Nikawasha. Taa zikacheza disko. Yaani zinameta hovyo, kijani hapa, zambarau kule, hazisikii amri yoyote.

Nilikuwa nimetenganisha umeme nikatenganisha na graundi. Hiyo usifanye. Laini ya data, ule waya unaobeba amri za taa, inasema "juu" au "chini", lakini juu kuliko nini? Kuliko graundi. Kama kidude kinachotoa amri na taa zinazopokea hawana graundi moja, kila mmoja ana sakafu yake na hawaelewani. Chanya ziache mbali mbali, hasi zote zikutane. Waya mmoja kutoka hasi ya saplai kwenda graundi ya upande wa pili na disko likaisha muda huo huo. Hapo hapo nikaongeza kapasita (kidude kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 1000 kwenye mdomo wa utepe na rezista ya omu 330 kwenye laini ya data karibu na taa ya kwanza. Na kama ukiomba nyekundu ikaja kijani usishtuke, hizi taa zinapokea kijani kwanza ndo nyekundu, badilisha mpangilio kwenye programu.

Spika nazo zilikuwa na mvumo fulani unaopanda na kushuka kadri taa zinavyobadilika. Nilihamisha waya wa sauti ukapita ubavu wa pili, mbali na wa taa, na graundi zote nikazikutanisha sehemu moja badala ya kila mtu kujiunga anapopenda. Umepungua sana. Haujaisha.

Umeme wa ukutani nasema kwa kifupi kwa sababu hapo sina utani. Fyuzi na swichi pale unapoingilia, waya wa ethi kwenye kila chuma ambacho mkono wa mtu utagusa ukiwemo mlango wa sarafu, sehemu yoyote ya waya iliyo wazi ifunikwe, na ukifungua mlango wa nyuma plagi iwe mkononi mwako. Na wewe mwenye kioo cha chogo ndani, usiingize mkono mle eti kwa sababu umechomoa. Ule mrija unabaki na maelfu ya volti hata umeme ukiwa haupo. Mi natumia kioo bapa, na sababu mojawapo ni hiyo, naogopa.

Nyaya zenyewe sasa hivi zina rangi. Nyeusi ni graundi peke yake, hakuna kingine kinachoruhusiwa kuwa cheusi. Nyekundu volti 5. Mchezaji wa kwanza njano, wa pili kijani. Na kila waya una kikaratasi pande zote mbili. Mwanzoni nilitumia nyaya za rangi yoyote iliyokuwa karibu, sitaki hata kukumbuka.

Kitu cha mwisho nilichomaliza juzi ni kufanya batani ziwake kulingana na gemu. Ukifungua gemu ya mapigano zinawaka sita, ukifungua Donkey Kong inawaka moja tu ya kuruka. Nimetumia Arduino Uno, bodi ndogo unayoipangia programu iwashe na kuzima vitu, Pi inaiambia gemu gani imefunguliwa, yenyewe inaamua. Usiunganishe taa za batani 16 moja kwa moja kwenye miguu ya Arduino, ile chipu yake inavumilia miliampea 200 tu kwa jumla na taa 16 mara 20 ni 320. Nimeweka chipu mbili za ULN2803, ambazo ni kama swichi nane nane za kuwashia taa, katikati, kila moja inabeba taa nane, chanya za batani zote zinatoka kwenye ile saplai ya taa na hasi zinapita kwenye chipu. Ilinikaa vizuri kuliko nilivyotegemea, pini 16 za batani na moja ya utepe, kwenye Uno ikabaki moja ya akiba ukiacha zile mbili za mawasiliano.

Jana nikamwita mdogo wangu ajaribu, mi nikaenda kunawa mikono. Akafungua Pac-Man. Gemu ya 1980, unacheza na joystiki tu, batani ya kuchezea haina hata moja, kwa hiyo paneli nzima ikazima kama ilivyopangwa, ikabaki ile ya kuanza peke yake.

Nikamsikia kutoka bafuni. "Kaaaka! Sasa zimekata zote!"

Nilipofika alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Plagi mkononi lakini.